Roba ya mbao, kisu cha kaka na klabu ya kuchagua

Swali: "Shikamoo Mwalimu. Mimi ni muuguzi, nina miaka 27, naishi Mbagala. Zamu ya mchana inaisha saa tatu usiku, nashuka daladala saa nne, halafu natembea kama dakika kumi na tano mpaka nyumbani. Mwezi uliopita mwenzangu wa wodini alipigwa roba, yaani alikabwa shingo kutoka nyuma, njia hiyohiyo. Walichukua simu na pochi, yeye akazinduka yuko chini. Tangu siku hiyo naangalia video za kujihami hadi usiku wa manane, na kila anayefundisha ana mbinu yake. Karibu na kwetu kuna klabu ya karate. Mjini kuna jamaa wanafundisha krav maga, ile ya askari wa Israeli, kwa siku mbili na wanatoa cheti. Kaka yangu anasema nisijisumbue na yote hayo, nibebe kisu. Mbinu ipi inafanya kazi kweli mtaani, kwa mwanamke wa kilo 54 kama mimi?"

Marahaba, binti yangu, na mpe mwenzako pole zangu. Nimefundisha judo na kujihami hapa Dar es Salaam kwa zaidi ya miaka ishirini, na swali hili naulizwa kila mara. Wewe umeliuliza vizuri kuliko wengi, kwa sababu umetaja saa, njia, uzito wako na kilichotokea. Wengi huniuliza "mbinu kali ni ipi", kana kwamba mbinu ni dawa ya kununua dukani.

Kabla ya yote, neno moja juu ya mwenzako. Umeandika kwamba alizinduka yuko chini, yaani alipoteza fahamu. Mtu aliyekabwa kiasi hicho anatakiwa aonwe na daktari hata kama anajisikia mzima, kwa sababu ukuta wa ndani wa mshipa mkubwa wa damu wa shingoni unaweza kuchanika bila alama yoyote nje, damu ikaganda pale, na kiharusi kikaja siku kadhaa baadaye. Wewe unayajua haya kuliko mimi. Muulize kama sauti yake ilibadilika, kama anameza kwa shida, kama shingo au kichwa kinamuuma upande mmoja, kama aliwahi kuona ganzi au ukungu machoni. Na kama hakuwahi kupimwa kabisa, mshike mkono mwende. Watu wa mtaani huhesabu simu iliyopotea na kusahau shingo.

Sasa roba yenyewe. Dar tunaiita roba ya mbao, Nairobi wanaiita ngeta, na kitu ni kilekile: mkono unatokea nyuma yako, unapita mbele ya shingo, unavutwa juu na nyuma mpaka visigino vinaacha ardhi. Hapo ndipo nguvu yake ilipo. Wengi hudhani hatari ni mkono peke yake, lakini anayejua kazi hiyo anakunyang'anya miguu kwanza. Ukishaegemezwa nyuma kifuani kwake huna pa kusimamia, na hata mwanamume wa kilo tisini anakuwa mzigo.

Kuna roba za aina mbili na inafaa uzitofautishe. Ya kwanza ni ya mfupa wa mkono kukandamiza koromeo. Hiyo inauma sana, inatisha, inakohoza, na inaweza kuvunja koo. Ya pili, koromeo linakaa kwenye kunjo la kiwiko, na mkono unabana pande zote mbili za shingo. Hii haiumi sana, nayo ndiyo inayolaza watu haraka, kwa sababu inazuia damu kwenda kichwani. Kwenye judo tunaifanya kila wiki, chini ya uangalizi, na najua muda wake: ikiingia sawasawa, mtu anazima katika sekunde kumi hivi, mara nyingine pungufu. Kwa hiyo mbinu yoyote uliyoiona kwenye video yenye hatua sita ifute. Sekunde kumi hazina nafasi ya hatua sita, na za kwanza mbili utazipoteza kwa mshtuko.

Kinachofanya kazi ni kidogo na kinachosha kukirudia. Mikono yako yote miwili inauparamia mkono wake, vidole vimekunjwa kama ndoano, unauvuta kwenda chini kwenye kifua chako. Usimkune usoni, usitafute vidole vyake, vuta mkono ule. Wakati huohuo kidevu kinashuka na kugeuka kuelekea kunjo la kiwiko chake, maana pale ndipo palipo na nafasi ya koromeo kupumua. Na wakati huohuo unakaa: magoti yanakunjwa, makalio yanarudi nyuma yakimsukuma, kama mtu anayekalia kigoda kifupi cha jikoni. Hayo matatu ni tendo moja. Ukikaa, umerudisha miguu yako ardhini na yeye amelazimika kubeba uzito wako kwa mkono mmoja. Kilo 54 zinazoning'inia kwenye mkono mmoja ni nzito, amini nakwambia.

Baada ya hapo kuna kusogeza nyonga pembeni na kupiga nyuma kwa kiganja kwenye kinena chake, kisigino kwenye ugoko wake, kisha kuzunguka utoke. Mzunguko huo sitauandika. Nimejaribu kuwaeleza watu kwa maandishi, na kila aliyenielewa alielewa tofauti. Unahitaji mkono wa mtu shingoni mwako ndipo ujue upande gani una mlango.

Nikwambie kilichonifundisha haya. Mwaka 1999, nikiwa tayari nina mkanda wa kahawia wa judo, ule unaotangulia mweusi, nilikabwa jioni karibu na njia ya reli. Nilikuwa nimeangusha watu mamia klabuni. Siku ile sikumwangusha mtu. Nilivuta mkono na kushusha kidevu, basi. Walikuwa watatu: mmoja anakaba, wawili wanapekua mifuko. Walipopata pesa waliniachia, nikaanguka kwa mgongo kwenye kokoto, na sikuumia kichwa. Nilipolala kitandani usiku ule nilishukuru vitu viwili tu katika miaka yote ya mazoezi, kidevu na kuanguka.

Hilo la watatu lishike sana. Roba ya Dar mara nyingi si ya mtu mmoja. Mkabaji ana wenzake, na kazi yao huisha ndani ya muda mfupi kwa sababu wanachotaka ni simu. Basi katika hali hiyo kazi yako ni koromeo. Linda njia ya hewa, acha mifuko ipekuliwe. Simu ifungwe baadaye, laini ifungwe, akaunti ya pesa za simu ifungwe kabla hujalala. Kupigana kwa nguvu zote ni kwa wakati mwingine kabisa: wanapoanza kukukokota kwenda kichochoroni, kwenye pagale, au kukuingiza kwenye gari. Mwenye kutaka simu hana haja ya kukuhamisha. Anayekuhamisha anakutaka wewe. Hapo piga, ng'ata, piga kelele, kaa chini kama mtoto anayegoma, shika nguzo, fanya lolote, na ulifanye palepale kabla hamjafika anakotaka.

Kuhusu kelele, nina jambo moja ambalo wenzangu wengi hawakubaliani nalo. Siwafundishi wanafunzi wangu kupiga yowe la "mwizi!". Sote tunajua yowe hilo linaleta nini katika miji yetu: wananchi wenye hasira, mawe, tairi na petroli, na mara nyingine anayeangukiwa na hasira hiyo ni kijana aliyekuwa anakimbia kuwahi daladala. Piga kelele ya "Niache!" na "Nisaidieni!", kwa sauti itokayo tumboni. Inaita watu vilevile, na hakuna atakayechomwa kwa kosa la mwingine.

Sauti siitaji kama pambo. Mwaka 2013 ulichapishwa utafiti wa wasichana wa sekondari katika mitaa ya mabanda ya Nairobi waliofundishwa kujihami kwa wiki sita. Kabla ya mafunzo, asilimia 24.6 walisema wameshambuliwa kingono katika mwaka uliotangulia. Ulipofanyika ufuatiliaji, waliofundishwa walikuwa asilimia 9.2, na zaidi ya nusu yao walisema wametumia walichojifunza kuzuia shambulio. Tafiti kubwa zilizofuata ziliona punguzo dogo zaidi, kwa hiyo usiichukue namba hiyo kama ahadi. Lakini mwaka 2015 jaribio jingine, la vyuo vikuu vya Kanada, lilihusisha wanafunzi wa kike 893. Waliopata mafunzo ya saa 12 walibakwa kwa asilimia 5.2 katika mwaka uliofuata, na wasiopata kwa asilimia 9.8. Kilichonivutia mimi ni kwamba mafunzo hayo yote mawili hayakuwa ya mateke peke yake. Sehemu kubwa ilikuwa kutambua mapema kwamba jambo linakwenda vibaya, kukataa kwa sauti, na kuondoa ile aibu ya "nitamkosea adabu". Pale Korogocho, mtaa wa mabanda wa Nairobi, kuna akina bibi, wengine wana umri wa kuwa na vitukuu, ambao kwa miaka mingi wamekuwa wakikutana kupiga mifuko ya mazoezi na kulifanyia mazoezi neno "hapana" kwa kelele. Watu huwaona kama kichekesho. Mimi nawaona kama watu walioanza pale panapostahili kuanziwa.

Nalisema hili kwako kwa sababu unaogopa njia ya giza, na una haki ya kuogopa. Lakini wanawake wengi wanaoumizwa huumizwa na mtu wanayemjua: mume, mchumba, jirani, bosi. Huyo hakabi kutoka nyuma. Anaanza kwa kusogea karibu mno, kushika mkono, kuziba mlango huku anacheka. Mkono wako ukishikwa, usivute ovyo kurudi nyuma. Angalia dole gumba lake liko wapi, maana pale ndipo mshiko ulipo dhaifu, zungusha mkono wako uelekee pale huku kiwiko chako kikisogea kwake, na useme "niache" ukimtazama. Kwa mtu kama huyo viganja vyako viwe juu mbele ya kifua, wazi, kama unayesema "basi, basi". Vinafanya kazi tatu: vinapima umbali, viko tayari kupiga au kuzuia, na shahidi yeyote akikuona ataeleza kwamba wewe ulikuwa unakataa ugomvi. Kwenye vituo vya polisi kuna Dawati la Jinsia na Watoto. Huko ndiko mambo ya mtu unayemjua yanakopelekwa, mapema, kabla hayajakomaa.

Ukilazimika kupiga, piga kwa kisigino cha kiganja, usipige kwa ngumi. Najua wodini kwenu mnawapokea mabondia wa mtaani waliovunjika mfupa wa kiganja upande wa kidole cha mwisho, na ngumi zilizowavunja zilikuwa zao wenyewe, zimetua kwenye fuvu la mtu. Bondia wa kweli anafunga bendeji na kuvaa glavu. Wewe huna. Kiganja kwenye pua au kidevu, kiwiko akiwa amekukumbatia, goti kwenye kinena, ncha ya kiatu kwenye ugoko. Vitu vinne. Teke la juu liache kwenye mashindano. Na mbinu za kukunja kidole au kifundo cha mkono, zile zinazopendeza sana kwenye video, moyo ukidunda kwa hofu vidole vinakuwa vizito na havikutii. Nimewaona wazoefu wakizikosa mtu alipobisha kidogo tu.

Nilitaja kuanguka, na hapa nitakaa kidogo maana ndilo somo ninalolipenda na linadharauliwa kuliko yote. Roba nyingi huishia kwa kusukumwa chini. Anayeuawa na msukumo huuawa na ukingo wa barabara. Kwenye judo, mwezi wa kwanza karibu wote ni kuanguka: kidevu kifuani ili kisogo kisiguse, mgongo umekunjwa kama upinde, mikono inapiga mkeka pembeni ya mwili kwa viganja, na kamwe hutangulizi mkono ulionyooka, kwa sababu mkono huo utavunjika kifundoni au kutenguka begani. Nimefundisha mamia ya watu. Waliowahi kuniambia walimwangusha jambazi hawafiki watano. Waliokuja kunishukuru kwa kuanguka, kwenye bodaboda, kwenye ngazi zenye maji, bafuni, siwezi kuwahesabu. Mmoja aliteleza kwenye utelezi wa bonde la Jangwani, hapa Dar, akiwa na mimba ya miezi saba na akaanguka kwa ubavu, akainuka. Mtoto yule sasa anasoma darasa la tatu.

Pia kuna namna ya kuinuka. Ukiwa chini na mtu amesimama juu yako, usigeuke ukampa mgongo ili uinuke kwa magoti. Kaa kwa kalio moja, mkono mmoja nyuma yako ardhini, mwingine unalinda uso, mguu mmoja unampiga teke magotini kumweka mbali, kisha mguu wa pili unapita chini ya makalio kurudi nyuma na umesimama ukimwangalia. Klabu za jujitsu ya Brazili hufundisha hili siku ya kwanza. Jujitsu hiyo ilitangazwa kwa dunia Novemba 1993 kule Denver, Marekani, Mbrazili Royce Gracie alipowashinda ulingoni watu watatu usiku mmoja, wengine wakubwa kuliko yeye, kwa kuwapeleka chini na kuwalazimisha wasalimu amri. Ni sanaa nzuri sana. Lakini ukumbini kuna mpinzani mmoja na mwamuzi. Kwenye njia yako ya Mbagala kuna mkabaji, wenzake wawili na kokoto, kwa hiyo ujuzi wa chini utumie kuinukia.

Twende kwenye kisu cha kaka yako, ambaye naamini anakupenda. Kisu kilichomo kwenye mkoba hakina faida mkono ukiwa shingoni, hutakifikia. Ukikifikia, vidole vyenye jasho na hofu huteleza kutoka mpini kwenda kwenye makali, na wenye visu vya jikoni visivyo na kizuizi hujikata wenyewe. Ukikionyesha, umewaambia watu watatu, ambao pengine nao wana silaha, kwamba mchezo sasa ni wa kuuana. Halafu kuna sheria. Kanuni ya Adhabu yetu, Sura ya 16, kifungu cha 18 na 18A hadi 18C, inakupa haki ya kujilinda na kumlinda mwingine, lakini 18B inataka nguvu iwe ya kiasi kinachohitajika kwa ulinzi huo, na anayezidisha anawajibika kwa alichozidisha. Kiganja kilichovunja pua ya mtu aliyekukaba ni rahisi kukitetea. Kisu ulichotoka nacho nyumbani, kimemwingia mtu mgongoni wakati anakimbia na simu yako, hakiteteki. Bora kaka akununulie tochi yenye mwanga mkali na filimbi.

Na wakiwa wao ndio wenye kisu au panga? Toa. Toa simu, toa pochi, toa hereni, tupa upande mmoja na wewe nenda upande mwingine. Mwaka 1983 askari mwalimu wa Salt Lake City aitwaye Dennis Tueller alipima muda ambao mtu mwenye kisu anahitaji kukufikia kutoka futi 21, yaani mita 6.4, karibu na urefu wa daladala ya Coaster. Jibu lilikuwa sekunde moja na nusu. Swali lake lilihusu polisi mwenye bastola kiunoni kama atawahi kuichomoa. Wewe mwenye mikono mitupu jipimie. Yeyote anayekuuzia mbinu ya kumpokonya mtu panga baada ya siku mbili za mafunzo anakuuzia kifo, na nalisema hili kwa uchungu kwa sababu nimeyaona matokeo yake kwa kijana niliyemfundisha mwenyewe. Alipona, ila vidole viwili vya mkono wa kulia havikunji tena. Alipokonywa simu ya shilingi laki mbili.

Hivyo tumefika kwenye klabu, na hapa kuna historia fupi itakayokusaidia kuchagua kuliko majina ya michezo. Mwaka 1882 kijana wa Kijapani, Jigoro Kano, mwembamba na mfupi, alianzisha judo Tokyo. Alikuwa amejifunza jujutsu za kale zilizojaa mbinu za kuua na kuvunja. Mbinu hizo zilikuwa na tatizo: huwezi kumfanyia mwenzako kweli, kwa hiyo watu walikuwa wakizikariri tu, mmoja anafanya na mwingine anakubali kuanguka. Kano aliziweka pembeni zile za hatari, akabakiza zinazoweza kufanywa kwa nguvu zote bila kuua, na akawafanya wanafunzi wake wakabiliane kila siku, kila mmoja akibisha kweli. Ndani ya miaka michache wanafunzi wake walikuwa wakiwashinda watu wa shule za zamani zenye mbinu "kali" zaidi. Siri ni ile kubisha. Mbinu ya kawaida uliyoifanya mara elfu kwa mtu asiyetaka uifanye inashinda mbinu ya kutisha uliyoifanya mara elfu kwa mtu aliyekusaidia.

Kwa kipimo hicho karate ya mtaani kwenu inaweza kuwa nzuri au bure kabisa, kutegemea mwalimu. Gichin Funakoshi alipoitoa karate Okinawa na kuionyesha Tokyo mwaka 1922, mafunzo yake yaliegemea zaidi kata, ile mifuatano ya kupiga hewa, na ziko klabu ambazo mpaka leo hazijatoka hapo. Ziko nyingine ambazo watu wanapigana kumite kwa kugusana kweli kila wiki. Krav maga nayo ina asili ya heshima: Imi Lichtenfeld, bondia na mwanamiereka aliyekulia Bratislava, aliiunda kutokana na vita vya mitaani vya miaka ya 1930 na baadaye kuwafundisha askari wa Israeli. Lakini askari hurudia mazoezi wakiwa hoi, wakisukumwa, wakipigiwa kelele, wiki baada ya wiki. Siku mbili na cheti ni krav maga ya jina tu. Siwezi kukukataza kwenda, utajifunza kupiga kiganja na utapata ujasiri fulani, na ujasiri huo ndio unaonitia wasiwasi.

Usipuuze pia ngumi. Gym za ngumi ziko Manzese, Keko, Mabibo na kwingine kwingi, ada yake ni ndogo, na miezi mitatu ya sparingi, yaani kupigana na mwenzako kwa mazoezi, itakufundisha kitu ambacho kata haiwezi, yaani kutofumba macho unapopigwa. Ukitaka chaguo langu kwa mtu wa kilo 54 anayeogopa roba, ni judo au jujitsu kwanza, kwa sababu kukabwa ni sehemu ya mchezo wenyewe. Usiku utakaposhikwa shingo haitakuwa mara yako ya kwanza, na nusu ya mshtuko itakuwa imekwisha. Kama hakuna klabu ya judo unayoweza kuifikia baada ya zamu, nenda kwenye ile karate ya jirani. Klabu nzuri ya jirani unayohudhuria mara mbili kwa wiki ni bora kuliko bingwa aliye ng'ambo ya mji.

Nenda jioni moja bila nguo za mazoezi, kaa pembeni, usimwambie mwalimu ulichokuja kutazama. Angalia kama kuna wakati watu wanakabiliana bila kupanga. Angalia kama wanawake wanafanya mazoezi na watu wakubwa kuliko wao, na kama wanaume hao wanadhibiti nguvu zao. Angalia anayeshindwa anafanyiwaje: akigonga mkeka kuomba kuachiwa, anaachiwa papo hapo? Muulize mwalimu atafanya nini mtu akimtolea kisu. Akianza kukuonyesha jinsi ya kukipokonya, sikiliza kwa adabu. Akikwambia atakimbia, umepata mwalimu. Na mahali ambapo mwalimu anawashikashika wasichana kwa kisingizio cha kuwarekebisha mkao, ondoka siku hiyohiyo.

Kuhusu njia yako ya dakika kumi na tano, nitakuwa mfupi kwa sababu unaishi pale na mimi siishi. Masikio yasiwe na vifaa vya muziki. Simu isitoke mkobani kati ya kituo na mlango, kwa kuwa mwanga wake usoni unakupofusha na unakutangaza. Tembea upande unaotazamana na magari, mkoba ukae upande wa mbali na barabara, begani, usiuvae kwa kukatisha kifua, maana anayeupora kutoka kwenye bodaboda au gari haachii, na mkanda usiokatika unakuburuza. Ukivutwa, uache uende. Kama kuna wengine watatu wanaoshuka kituo hicho saa nne, jitambulisheni na mtembee pamoja. Kama kuna dereva wa bodaboda wa kijiwe anayejulikana na mwenyekiti wa mtaa, mpe namba yako na umlipe kwa wiki.

Na kaka yako mpe kazi. Anataka kukulinda, basi mwombe mkono wake badala ya kisu. Kila Jumapili, uani, asimame nyuma yako akupitishie mkono shingoni polepole, wewe uvute, ushushe kidevu, ukae. Mara ishirini upande wa kulia, ishirini wa kushoto. Wiki mbili za kwanza asibane kabisa. Baadaye aanze kukuvuta nyuma, halafu akushtue ukiwa unaanika nguo. Wekeaneni ishara: ukimgonga mkono mara mbili anaachia hapohapo, hata kama anaona unakaribia kuchomoka. Nguvu ya kubana aiongeze pale tu utakapomwambia mwenyewe aiongeze.